Saa Kumi na Moja Mbuzi Wanarudi

Mimi nilistaafu bila sherehe. Nilirudisha beji, mwavuli na begi la fomu pale ofisini mjini Wote, nikaweka sahihi kwamba nimerudisha, nikaja nyumbani kulisha kuku. Magoti yangu yalikuwa yamestaafu mbele yangu. Sasa naona nyinyi vijana wa tableti mnakuja kukaa kwa hii benchi yangu mnaniita Susu kama nyanya yenu, mnasema, "Susu, tufundishe kazi ya mashinani." Mimi shule niliachia darasa la nne. Nina mjukuu, Mwende, anasomea kupiga picha za kichwa kwa ile mashine kubwa, na hilo nitawaambia hata kama hamjaniuliza, maana nalisema kanisani, sokoni na kwa foleni ya maji. Lakini mimi mwenyewe sina cheti. Nina miguu tu. Nimeuliza watu maswali ya kichwa kutoka Kathonzweni mpaka Kalamba, na ng'ambo kule Kabati upande wa Kitui, mpaka mbwa wakaacha kunibwekea.

Kwa hivyo kaeni. Mkichoka mniambie. Mimi nilichoka kitambo.

Kazi ilikuwa hivi. Madaktari walitaka kujua ni nini hubaki ndani ya kichwa cha mtu wa huku kwetu baada ya kuumia. Aliyeanguka na pikipiki, aliyeangukiwa na tofali kwa mjengo, mzee aliyeanza kusahau njia ya kwake, mwenye kifafa. Mimi nilitangulia. Nilienda boma kwa boma, nikaeleza, mtu akikubali anaweka kidole gumba kwa wino, nikamuuliza maswali ya fomu, na daktari anamwona baadaye. Wengine walipelekwa Nairobi kupigwa picha. Fomu yangu ilikuwa mlango tu. Daktari ndiye angesema mtu ni mgonjwa au si mgonjwa. Shikeni hapo, kwa sababu hapo ndipo mimi nilikosea.

Aliyenifundisha ni Mzee Nzioki. Kabla ya hiyo kazi alikuwa amenyunyizia nyumba za watu dawa ya mbu miaka mingi, na alisema mtu aliyekubaliwa kuingia chumba cha kulala cha mke wa mwingine na pampu mgongoni anajua kuongea na watu. Juma langu la kwanza nilifika boma moja Kathonzweni nikasema, "Tumekuja kufanya uchunguzi wa ubongo." Mwenye boma alifunga mlango akaongea na mimi kupitia dirisha.

"Mimi sijaiba kitu cha mtu," alisema.

"Si uchunguzi wa polisi, mzee. Ni wa ubongo."

"Na huo ubongo wangu mnaupeleka wapi?"

Nzioki alikuwa nyuma yangu anacheka mpaka akashika mti. Njiani akaniambia, "Mama Mutheu, neno uchunguzi liache kwa askari. Na usitaje ubongo kabla ya chai. Watu wa huku wameona ubongo kwa bucha tu." Kutoka hapo nilikuwa nasema tunataka kuelewa vile kichwa kinapona. Na nilikaa chini kuliko mwenye boma, hata kama ni kwa jiwe, na kalamu ikabaki ndani ya begi mpaka tuongee kwanza habari ya mvua. Mvua ikikosa, hayo maongezi ni marefu. Mtavumilia.

Hiyo safari ya Nairobi nayo ilikuwa na mambo yake. Mashine ya picha ni sumaku kubwa, na mtu mwenye chuma mwilini hawezi kuingia. Fomu iliuliza, "Je, una chuma chochote mwilini?" Kila mtu anajibu hapana. Nani huamka akajiona ana chuma? Kabati kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti, akajibu hapana kama wengine. Nikamuuliza kwa njia yangu, "Wewe kazi hii umefanya miaka mingapi? Hujawahi kuingiwa na kitu kwa jicho?" Akasema, "Ah, mama, hiyo ni kila siku. Kuna moja bado iko." Bado iko. Kipande kama punje ya mtama, ndani ya jicho, na angelala ndani ya sumaku. Nikamshusha kwa gari ya safari kabla haijaondoka. Kwa hivyo msiulize mtu ana nini mwilini. Ulizeni amefanya kazi gani.

Na akina mama wazee, kabla waingie, pekueni vifundo vya leso. Kuna mmoja, mwimbaji wa kanisa kabisa, nilipata kibati cha ugoro kimefungwa kwa kiuno chini ya nguo tatu. Alinishika mkono. "Pastor asijue." Nikamwambia mashine inajua, lakini haisali na pastor. Nilikaa na hicho kibati mfukoni mpaka alipotoka, na alitoka akiuliza kibati kabla ya kuuliza kichwa.

Mnacheka. Sasa niwaambie ya Kalekye, na hii hamtacheka sana.

Kalekye ni mama wa Kalamba, amenizidi umri, mimi namwita mwaitu, ndiyo mama kwa lugha yetu. Aliteleza mtoni akichota maji kwa kisima cha mchanga, kichwa kikagonga mwamba. Alilazwa hospitali, akarudi nyumbani anatembea, anapika, anafokea watu kama zamani. Wakamuingiza kwa utafiti wetu, nikapewa fomu yake.

Amri ya fomu ilikuwa moja: soma vile imeandikwa, usiongeze neno, usipunguze neno. Mimi niliipenda hiyo amri. Mtu wa darasa la nne akipewa amri kama hiyo na beji, anakuwa kama karani wa mahakama.

Nikamwambia ataje wanyama wote anaoweza kwa dakika moja. Akaanza. "Mbuzi mweusi. Mbuzi wa madoa. Mbuzi aliyevunjika pembe. Mbuzi ya Muema, ile haisikii." Dakika ikaisha bado yuko kwa mbuzi. Nikaandika alama moja, mbuzi.

Nikamuuliza ana watoto wangapi. Akaniangalia.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa tu, mwaitu."

"Na kwenu watoto wanahesabiwa?"

Mimi najua watoto hawahesabiwi. Mamangu hakuwahi kutuhesabu hata siku moja, alituangalia tu wakati wa kula akajua nani hayuko. Lakini fomu ilikuwa na kisanduku, na kisanduku kilikuwa kitupu. Nikaandika sufuri.

Halafu saa. Nikasoma vile imeandikwa: "Chora uso wa saa. Weka mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi." Marehemu bwanake alifanya kazi ya reli pale Emali, akaacha saa ya ukutani ambayo Kalekye alikuwa anaitia ufunguo kila Jumapili kabla ya kanisa. Alichora duara safi, nambari zote kumi na mbili mahali pake. Mshale mfupi akauweka kwa tano. Mrefu akauweka kwa mbili.

Nikafungua kitabu cha majibu. Pale kwenye picha mshale mfupi ulikuwa kwa kumi na moja. Nikaandika sufuri nyingine. Na nikamwonea huruma. Mimi na beji yangu, nilimwonea yule mama huruma.

Alikuwa chini ya mstari wa kupita kwa alama mbili.

Mwanawe Muema alinisindikiza mpaka barabarani, amenibebea begi. Kijana wa adabu. Anafanya kazi kwa ploti za watu, anajenga. Karibu na barabara akauliza polepole, "Mama, kichwa ya mathe iko aje?"

Nilikuwa nimeapa kwamba jibu la mtu ni la mtu na daktari wake. Nilikuwa nimeweka sahihi. Lakini jua lilikuwa kali, begi lilikuwa kwa bega lake, na yeye ni mtoto wa watu. Nikasema, "Si sana. Haijapita."

Maneno mawili hayo, nikachukua begi langu nikaenda.

Nilirudi baada ya miezi, kwa zamu ya pili ya maswali. Daktari alikuwa bado hajamwona, gari lilikuwa bovu, halafu mvua, halafu barua ya ruhusa. Nilimkuta Kalekye ameketi nje ya jiko lake. Hakukuwa na moshi. Nikachungulia ndani. Jiko lilikuwa limefagiwa kama chumba cha wageni, na pale katikati, pahali pa mafiga, pale mawe matatu ya moto hukaa, palikuwa na alama tatu nyeupe kwa udongo.

"Mwaitu, mafiga yako wapi?"

"Yameshika tangi ya maji ya Muema."

"Kwa nini?"

"Si uliwaambia kichwa yangu imekufa? Sasa nitachoma nyumba." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Mke wa Muema ananiletea ugali saa saba kwa hotipoti. Mimi sijawahi kula chakula sikujua kinapikwa. Hiyo ni chakula ya mgonjwa. Kila siku saa saba nakuwa mgonjwa."

Yale mawe alipewa na mama mkwe wake siku alipoletwa kwa lile boma. Juu yake alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, akapikia watoto aliokataa kunihesabia na matanga ya bwanake. Mimi nikakosa pa kuweka macho. Nikatoa fomu.

"Unatoa nini?"

"Maswali, mwaitu. Ni zamu ya pili."

"Ni yale ya saa?"

"Na ya saa iko."

"Hebu leta hiyo ya saa nikuulize mimi. Saa kumi na moja ni wakati gani?"

"Jioni."

"Jioni kunafanyika nini?"

"Mbuzi wanarudi."

"Mbuzi wanarudi. Ingia ndani uone ile saa ya baba Muema, mbuzi wakirudi mshale mfupi unakuwa kwa ngapi."

Sikuingia. Sikuhitaji kuingia. Nilikaa hapo na kitabu cha majibu kwa magoti, nikaona ile picha kama mara ya kwanza. Mshale mfupi kwa kumi na moja. Hiyo ni saa tano. Saa tano mbuzi hawajafika hata mtoni. Mtu fulani alichukua saa ya Kizungu akaandika nambari yake kwa Kiswahili bila kufikiri, na mimi nikaisoma bila kuongeza neno, bila kupunguza. Mimi ambaye nimeambia watoto wangu maisha yangu yote kwamba saa tano ni chai na saa kumi na moja ni mbuzi.

Halafu nikakumbuka jambo lingine. Kuna watu walipita hilo swali. Walikuwa nani? Ni wale wasiojua saa kabisa. Waliambiwa kumi na moja, wakatafuta nambari kumi na moja, wakaweka mshale. Nikawapa alama zote. Na wenye kujua saa, walimu wazee, watu wa reli, makarani, nikawaandikia sufuri nikiwaonea huruma.

"Kosa langu liko wapi?" Kalekye aliuliza.

"Hakuna, mwaitu."

"Na liko kwa nani?"

Niliinuka nikaaga. Alisema, "Enda nalo hilo kosa. Usiniachie hapa."

Nilitembea mpaka barabarani nikiwaza beji. Nitawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ningesema tu swali la saa lina makosa, ningesifiwa, na lile neno nililomwambia Muema lingebaki kati yangu na lami. Nilimpigia Nzioki simu. Alikuwa tayari mgonjwa wa kifua, anaongea kwa vipande.

"Sema yote," alisema. "Ukisema nusu, wao watarekebisha karatasi. Mafiga nani atarudisha?"

Kesho yake nilikuwa Wote kabla ofisi ifunguliwe. Daktari wetu alikuwa mama kijana, mtaratibu, anakunywa maji ya moto bila majani. Nilimwonyesha picha. Aliangalia, akaangalia saa ya mkono wake, akaangalia picha tena.

"Hii fomu ilitafsiriwa na watu wa digrii," alisema.

"Na saa walisomea wapi?"

Hakucheka. Nikamwambia ile nyingine, ya Muema na barabara. Akaweka kikombe chini.

"Mama, unajua hiyo naweza kukuachisha kazi."

"Najua. Lakini niachishe baada ya Kalekye kupata moto."

Hakuniachisha. Alinisimamisha mwezi mmoja, na ilikuwa haki. Lakini alitoa fomu zote kwa makabati, na kila aliyeulizwa saa akarudiwa, boma moja moja, na sisi ndio tuliotembea. Magoti yangu yaliishia hapo. Swali likabadilishwa, likawa saa tano na dakika kumi. La watoto likaondolewa.

Kalekye alipelekwa Nairobi. Nilimvua bangili ya shaba kwa sabuni. Picha ilipotoka, daktari alimwita yeye mwenyewe, na Kalekye akataka Muema na mimi tuingie tusikie. Kulikuwa na kovu la kule kuanguka, dogo kama punje ya ndengu, upande mmoja. Muema akashtuka. Daktari akamwambia, "Kovu ni mahali aliumia. Haliniambii vile anafikiri. Hilo nimemuuliza yeye, na amenijibu vizuri kuliko wewe." Mzee mwingine wa zamu hiyohiyo picha yake ilikuwa safi, na alikuwa anamuuliza mke wake yeye ni mgeni wa nani. Mwende wangu akianza kazi hiyo nitamkumbusha: wewe unapiga picha ya nyumba, mwenye nyumba hayuko kwa picha.

Muema alirudisha mawe kwa wilibaro siku iliyofuata. Nilikuwa hapo, Kalekye alisema lazima niwe hapo. Kijana aliyapanga pale kwa alama nyeupe, akakung'uta mikono.

"Sasa, mathe. Tusameheane."

Kalekye aliyaangalia. Akasukuma moja kwa mguu. "Na wewe unajenga nyumba za watu hivi?" Akapiga magoti, akayapanga upya, akiyageuza mpaka kila moja likatoa upande wake mweusi kwa ndani. Muema alisimama mlangoni kama mtoto wa shule. Mkewe alileta makaa kutoka jiko lake kwa kipande cha bati, akayaweka chini, akatoka.

Muthokoi ni chakula cha kungoja. Tulingoja. Alipiga kiti cha mbao kwa kiganja. "Keti hapo. Toa kalamu na mimi nikuulize."

Nikatoa kalamu na daftari.

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Hapa ni wapi?"

"Kalamba, kwako."

"Wanyama?"

"Mbuzi mweusi. Mbuzi wa madoa. Mbuzi aliyevunjika pembe."

"Huyo tuliuza. Lakini nakupa." Aliangalia sufuria, akarudisha kifuniko. "Mimi nimelala siku ngapi kwa nyumba haina moto?"

Nikaanza kuhesabu. Siku niliyomwambia Muema, siku mawe yalipotolewa, miezi ya gari bovu, mvua, mwezi wangu wa kusimamishwa, Nairobi. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia, ikakataa. Kumbe sikujua hata siku yalipotolewa. Sikuwahi kuuliza.

"Sijui, mwaitu."

"Andika sufuri."

Nikaandika. Alivuta daftari akaangalia kama imeandikwa kweli, akanirudishia, akaongeza kuni.